Baridi ya nyumbani na gazi yake: namna mafundi walijifunza kuweka klima bila kuua watu

Wakaaji wa Goma na Sake wanajua mazuku. Ni gazi karboniki inayotoka ndani ya udongo wa volkano. Haina rangi, na kwa sababu ni nzito kuliko hewa, inalala mahali pa chini, kwenye mashimo na mabonde madogo ambako upepo haupiti. Asubuhi mapema, mbele ya jua kupanda, mbuzi anaweza kuingia pale na asitoke. Mtoto vilevile. Familia zilizokimbia vita na kutafuta mahali pa kujenga kibanda upande ule zinalazimika kujifunza jambo hilo haraka.

Watu wa Ulaya na Marekani nao walijifunza kwamba gazi isiyoonekana inaua mtu akilala. Kwao haikutoka kwenye udongo. Ilitoka ndani ya mashine waliyoinunua kwa pesa zao, karibu miaka mia moja iliyopita, wakati firigo na klima zilianza kuingia manyumbani.

Ili kuelewa, inafaa kujua namna mashine hiyo inafanya kazi. Klima haitengenezi baridi. Inabeba joto tu, inalitoa ndani na kulitupa inje. Kazi hiyo inafanywa na gazi inayozunguka ndani ya tiyo za shaba, madini ile ile ya Kolwezi na Likasi. Mashine ya inje inaikandamiza mpaka inageuka maji. Ikifika ndani ya nyumba, maji hayo yanageuka tena gazi na kunyonya joto la hewa. Basi kila nyumba yenye klima inalala pamoja na gazi hiyo. Tiyo ikipasuka, gazi inaingia chumbani.

Klima ya kwanza ya kisasa haikuwekwa kwa ajili ya watu. Mwaka 1902, kule Brooklyn, kijana injenia Willis Carrier alipewa tatizo la kiwanda cha kuchapisha. Karatasi zilivimba na kunywea kufuatana na unyevu wa hewa, na rangi hazikukaa mahali pake. Carrier akatengeneza mashine ya kupoza hewa na kuitoa unyevu. Miaka 12 nyuma ya pale, mwaka 1914, mashine ya namna hiyo ikawekwa katika nyumba ya tajiri Charles Gates huko Minneapolis. Ilikuwa kubwa kama chumba. Gates mwenyewe alikufa mwaka 1913, mbele ya kuhamia katika nyumba hiyo.

Wakati ule mafundi walikuwa na gazi tatu za kuchagua, na zote zilikuwa mbaya. Amoniaki inachoma macho na mapafu. Dioksidi ya sulfuri ni sumu, ila inanuka vikali sana, kwa hiyo mtu aliye macho anakimbia. Kloruri ya metili ndiyo ilikuwa mwizi wa kweli. Harufu yake ni ndogo na tamu, na mtu anayeivuta anaweza kudhani amechoka tu, au amelewa, au ana homa. Mwaka 1929, mjini Chicago, gazi hiyo ilivuja kutoka firigo za nyumba za kupanga na watu kadhaa wakafa. Waganga walichukua muda kuelewa kilichokuwa kinawaua.

Berlin nako kulikuwa na habari ya familia iliyokufa usiku kwa sababu firigo yao ilivuja. Albert Einstein aliisoma katika gazeti. Alimwita mwenzake Leo Szilard, na wote wawili wakakaa miaka kutafuta firigo isiyokuwa na sehemu zinazosuguana, maana penye kusuguana ndipo gazi inapata njia ya kutoka. Marekani iliwapa hati ya uvumbuzi mwaka 1930. Mashine yao haikufika sokoni, lakini walikuwa wameona tatizo vizuri: hatari kubwa iko kwenye viungo.

Suluhisho lilitoka upande mwingine. Mwaka 1928 kampuni ya General Motors ilimpa Thomas Midgley kazi ya kutafuta gazi isiyo sumu na isiyowaka. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia waliokusanyika Atlanta, Midgley alivuta gazi yake mpya kifuani, kisha akaipuliza juu ya mshumaa. Mshumaa ukazimika, na yeye akabaki mzima. Gazi hiyo ikaitwa Freon. (Midgley ndiye huyu huyu aliyetia risasi ndani ya esansi mwaka 1921. Mtu mmoja kuchafua hewa ya dunia mara mbili, tena akidhani anasaidia, ni jambo la nadra.)

Freon ilifungua mlango wa klima ya nyumba nzima: mashine moja inje, nyingine darini au chini ya nyumba, na njia za bati zinazopeleka hewa baridi katika kila chumba. Mwaka 1954, mjini Austin katika jimbo la Texas, wajenzi walisimamisha nyumba 22, kila moja na klima yake ya kati. Familia za kawaida zikahamia humo, na watafiti wa chuo kikuu wakafuata maisha yao: wanalipa umeme kiasi gani, wanalala namna gani, nani anaugua. Wajenzi walitaka kujua kama mtu asiye tajiri anaweza kuishi na mashine hiyo. Jibu lilikuwa ndiyo, na miji ya joto ya kusini ya Marekani ikaanza kujaa watu.

Lakini gazi isiyo sumu si gazi isiyoua. Freon ni nzito kuliko hewa, kama mazuku. Ikivuja nyingi ndani ya chumba kidogo kilichofungwa, inasukuma hewa juu na kubaki chini, pale alipopiga magoti fundi. Mafundi walikufa hivyo, bila alama ya sumu yoyote mwilini. Na gazi haikuwa peke yake. Kulikuwa na umeme wa volti 240, ambao ni wa kuua. Kulikuwa pia na kondansateri, kopo dogo ndani ya mashine ya inje, ambalo linashika umeme hata kama fundi amekwisha kuukata. Wengi walijifunza jambo hilo kwa mkono wao.

Sheria za kazi zilizaliwa humo. Leo, Marekani, kila mashine ya inje inapaswa kuwa na chombo chake cha kukata umeme karibu, mahali ambapo fundi anakiona akiwa kazini, ili mtu mwingine asiwashe bila kujua. Fundi akikwisha kukata, anapima, kisha anamaliza umeme wa kondansateri mbele ya kugusa. Akichomelea tiyo, anapitisha azoti ndani yake polepole ili uchafu mweusi usijengeke. Akitaka kujua kama tiyo inavuja, anaijaza azoti na kutazama kipimo. Hapa kuna kosa moja lisilosamehe: kutumia oksijeni badala ya azoti, kwa sababu chupa zote mbili ziko garini. Oksijeni ikikutana na mafuta ya mashine chini ya mkandamizo, inalipuka. Mwisho anaweka pampu na kunyonya hewa yote na unyevu wote, na hapo tu gazi inaachiliwa.

Kuna pia suala la ukubwa, ambalo wenye nyumba wanalidharau. Wamarekani wanapima klima kwa tani, na neno hilo limebaki tangu zamani za barafu: tani moja ni baridi inayotoka katika kilo 907 za barafu zikiyeyuka kwa saa 24. Mteja anapenda kusikia tani nyingi. Lakini mashine kubwa kupita kiasi inapoza haraka na kuzimika mbele ya kutoa unyevu, ukuta unaota ukungu, na watoto wanaanza kukohoa. Carrier alijua tangu 1902 kwamba unyevu ni nusu ya kazi.

Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gazi za Midgley zinapanda mpaka juu kabisa na kula ozoni inayozuia miali mikali ya jua. Mwaka 1985 tundu likaonekana juu ya Antaktika, na mwaka 1987 inchi zikatia sahihi Itifaki ya Montreal. Tangu 1992 fundi wa Marekani haruhusiwi kuachilia gazi hizo hewani, na tangu 1994 anapaswa kuwa na cheti. R-22, gazi ya klima nyingi za nyumba, iliacha kutengenezwa huko mwaka 2020. Nafasi yake ilichukuliwa na R-410A, yenye mkandamizo unaozidi ule wa R-22 kwa zaidi ya nusu. Fundi anayeleta vipimo na mipira ya zamani anajitafutia ajali.

R-410A haili ozoni, ila inapasha dunia joto. Hivyo mwezi wa kumi 2016 wajumbe walikutana Kigali, mwendo wa saa chache tu kutoka Goma, na kukubaliana kupunguza gazi za aina hiyo pole pole. Mashine mpya za nyumba za Marekani sasa zinakuja na R-32 au R-454B. Hizo zinapasha joto kidogo zaidi, lakini zinaweza kuwaka, si kwa urahisi, ila zinaweza. Nyuma ya karibu miaka 95 za kukimbia moto, mafundi wamerudi kushika gazi inayowaka, na cheche moja ya mtu aliyejifunza kazi zamani inatosha kuleta hasara.

Familia nyingi za Kongo zilizopita kambi za Uganda, Tanzania na Burundi ziko Texas leo, ndani ya nyumba za namna hiyo. Mwenye nyumba akileta ndugu yake asiye na cheti kuja kubadili mashine, mpangaji ana haki ya kuuliza gazi ni ya aina gani na umeme umekatwa wapi. Kwa nyingi za mashine hizo mpya, kiwanda kimeweka chombo kidogo cha kunusa gazi. Kikihisi imevuja, kinazima mashine ya inje na kuwasha feni ya ndani peke yake, ili upepo uinue gazi kutoka chini, pale inapolala.