Tisa Desemba Tukiwa Mbali na Kibo

Wiki ya kwanza ya Desemba, wana-Marangu wa Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma huanza kuulizana nauli na siku ya kupanda nyumbani kwa Krismasi. Walioko nje ya nchi wengi wao hawapandi. Swali lao ni jingine: tisa tunakutana wapi?

Siku yenyewe mara nyingi huangukia katikati ya wiki, watu wako kazini, kwa hiyo sherehe husogezwa hadi Jumamosi. Hukodiwa ukumbi, nje baridi kali, ndani pilau na nyama choma, na mtori kama ndizi zenye kueleweka zimepatikana.

Mwaka 1961, tarehe 9 Desemba ilikuwa Jumamosi. Usiku wa kuamkia siku hiyo bendera ya Uingereza ilishushwa Dar es Salaam, na Prince Philip alikuwepo kumwakilisha Malkia. Huku kwetu juu, Luteni Alexander Nyirenda, mmoja wa Watanganyika wa kwanza kusomea uofisa wa jeshi Sandhurst, alisimika bendera mpya na kuwasha mwenge kileleni Kibo. Kilele kile Hans Meyer alikuwa amekipa jina la Kaiser Wilhelm alipofika na Ludwig Purtscheller mwaka 1889. Katika masimulizi ya Marangu, aliyewaongoza njia ni Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa kwetu. Jina la Kaizari liliondoka, kikaitwa Uhuru. Kwa hiyo mtoto wa Marangu aliyezaliwa Houston au Birmingham, akiulizwa shuleni kwao ni wapi, anaweza kuonyesha picha ya mlima na kueleza habari za uhuru kwa pamoja. Ni wachache duniani wenye bahati hiyo.

Lakini tuwaeleze watoto habari yote. Kabla ya Tisa Desemba tulikuwa na siku yetu. Katika miaka ya 1950, chini ya Mangi Mkuu Thomas Marealle, naye wa Marangu, tarehe 10 Novemba ilisherehekewa kama Siku ya Wachagga, na tulikuwa na bendera yetu. Mwaka 1960 wapiga kura waliamua kiongozi wa Wachagga awe rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, na baada ya Uhuru serikali ikaufuta utawala wa machifu nchi nzima. Wazee waliokuwa watu wazima wakati ule walizisherehekea siku zote mbili ndani ya miaka michache. Kijana anayeuliza kama yeye ni Mchagga au Mtanzania, swali hilo babu yake alishalipitia.

Na ukumbini akiwepo ndugu kutoka Zanzibar, tusimsahihishe akisema siku hii si yake. Ni kweli. Tisa Desemba ni uhuru wa Tanganyika, wa Zanzibar ulikuja 10 Desemba 1963, na Muungano ni wa 26 Aprili 1964. Tumkaribishe sahani.

Sasa habari ya fedha, maana kitabu hiki ni cha changizo. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride la Tisa Desemba, watu wakafanya usafi, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Mwaka 2022 Rais Samia naye alisitisha sherehe, na shilingi milioni 960 zikapelekwa kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule 8.

Wapo wanachama wanaosema nasi tufute sherehe za ugenini, fedha zote zije nyumbani. Sikubaliani nao. Asiyewahi kuimba wimbo wa taifa na wenzake, wala kusikia Kichagga kikizungumzwa kwa kelele kwenye meza ya wazee, hatachangia bweni la kijiji asichokijua. Tukifuta ukumbi leo, baada ya miaka 20 hatutakuwa na wa kumwomba. Ila gharama zipungue: muziki wa kukodi si lazima, vijana wetu wanao wa kwenye simu, na akina mama wanapika vizuri kuliko hoteli. Kinachobaki kwenye kiingilio kihesabiwe palepale, mbele ya wote, kabla watu hawajavaa makoti, na kitangazwe kwa shilingi za Tanzania ili wa nyumbani nao wakisome katika toleo lijalo. Nafasi ya kuandika kiasi cha kila tawi imeachwa ukurasa wa mwisho.