Nyumba ya Masista, Bagamoyo

Wageni wengi wa misheni ya Bagamoyo huingia makumbusho, wakatazama minyororo ya watumwa, wakatoka bila kuuliza jengo lenyewe lilikuwa la nani. Lilijengwa mwaka 1876, nalo lilikuwa nyumba ya masista waliowalea na kuwafundisha wasichana waliokombolewa utumwani.

Habari yake inaanzia Unguja. Mwaka 1860 Padri Fava alifika kutoka Réunion pamoja na masista, na miaka mitatu baadaye mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaipokea kazi hiyo ya kuwalea watoto waliokombolewa utumwani. Watoto walizidi kuongezeka: wengine walinunuliwa sokoni, wengine waliokolewa majahazini na manowari za Waingereza. Ilitakiwa ardhi ya kulima na kuwalisha. Ndipo mwaka 1868 Padri Antoine Horner na wenzake wakavuka kwenda Bagamoyo.

Shule yao haikuwa ya ubao na chaki tu. Watoto walisoma na kusali, kisha wakashika jembe, randa na mwiko wa mwashi. Tufani ya Aprili 1872 ilipoiangusha misheni, kazi ya kuijenga upya ilikuwa kubwa. Kuta za majengo hayo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Plasta ikibanduka, vitundu vya matumbawe huonekana wazi, na kila jiwe limepita mikononi mwa mtu. Hapo hapo misheni umesimama mnara wa kanisa la zamani, unaoitwa kwa jina la mmisionari na mpelelezi Livingstone kwa kuwa maiti yake ilipitishwa hapo Februari 1874. Kwangu mimi, waliobeba mawe yale wanastahili kutajwa kabla yake.

Wala tusifiche upande mwingine. Watoto hawa walitolewa mikononi mwa bwana mmoja, wakawekwa chini ya kengele ya misheni. Ratiba, dini na kazi vyote walipangiwa, na walipokua waliozeshwa wao kwa wao humo humo. Hata hivyo walipata kusoma, ufundi na familia, vitu ambavyo soko la watumwa liliwanyang'anya.

Mwaka 1877 baadhi ya familia hizo changa zilifuatana na mapadri hadi Mhonda, kwenye milima ya Nguru, kufungua misheni mpya. Baadaye zikafuata Mandera na Morogoro, na ufundi uliofunzwa Bagamoyo ukapanda bara pamoja nao.