Chachu ya Bia kwenye Njia ya Kusini

Treni ya kwanza kutoka kusini iliingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Septemba 1910, na tangu hapo meza ya Katanga imeegemea kusini. Reli hiyo ilianzia Cape Town, ikapita Bulawayo, ikavuka Zambezi kwa daraja lililofunguliwa 1905, na ikagusa mpaka wetu Sakania mwishoni mwa 1909. Unga wa mahindi wa wachimba shaba ulitoka Rhodesia. Pesa za Kiingereza zilipokewa madukani bila ubishi, jambo lililowakera sana watawala Wabelgiji, kwani koloni lilikuwa lao lakini soko lilisema Kiingereza.

Upande ule ule wa kusini, leo kwa barabara ya malori inayopita mpaka wa Kasumbalesa, ndio ulioleta kichupa kinachokaa kabatini mwangu hapa mtaa wa Golf, Lubumbashi: Marmite ya Afrika Kusini. Mtaa huu, wenye uwanja wa gofu, ziwa na hoteli ya Karavia, umepokea watu wengi wa migodini kutoka Zambia na Afrika Kusini, na wenye maduka ya alimentasioni wamejifunza kuwawekea vitu vya kwao. Mdogo wangu alipokiona mara ya kwanza, alinusa kifuniko akaniuliza, "Yaya, hii ni dawa ao chakula?"

Swali lake lina historia ndefu. Katika karne ya 19, mkemia Mjerumani Justus von Liebig alionyesha kwamba chachu inayobaki baada ya kutengeneza bia inaweza kukolezwa, ikatiwa kwenye chupa na kuliwa. Mwaka 1902 kampuni ya Marmite ilianzishwa Burton upon Trent, Uingereza, mji wa viwanda vya bia, na chachu ikatoka jirani, kwa Bass. Kazi yenyewe si ya uchawi. Chachu hutiwa chumvi na kupashwa moto wa wastani. Chembe zake hufa na vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuzimeng'enya kutoka ndani. Maganda huchujwa, na majimaji yaliyobaki hupunguzwa maji mpaka yawe mazito. Ladha nzito inayotoka humo, ile inayofanya mchuzi wa nyama uitwe mtamu, ni ya glutamati, ambayo Kikunae Ikeda wa Japani aliitambua mwaka 1908.

Udawa wake ulikuja baadaye, na kwangu hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Mwaka 1928 daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay kuchunguza upungufu wa damu uliokuwa ukiwaua wanawake wajawazito, wakiwemo wafanyakazi maskini wa viwanda vya nguo. Aliwapa Marmite, na damu yao ikarudi. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1931 bila kujua ni kitu gani hasa kilichomo. Miaka kumi baadaye wakemia walikitoa kitu hicho kwenye majani ya mchicha wa Kizungu, wakakiita asidi ya foliki. Kwa hiyo lengalenga na maharagwe ya mama zetu yalikuwa tayari yanabeba sehemu ya dawa ile ile, na sioni sababu ya kuviweka vyakula hivi katika meza mbili tofauti.

Wa kwanza mjini kuzijua meza zote mbili walikuwa maboyi na wapishi. Mmoja wao, André Yav, aliandika mwaka 1965 historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Ninaiheshimu sana kazi hiyo. Waliokuwa wakiingiza sahani na kuziondoa ndio waliosimulia mji, na yeyote anayeandika juu ya chakula cha Lubumbashi anafuata nyayo zao.

Nyumbani kwangu asubuhi ni mkate, Blue Band kwanza, halafu Marmite kwa ncha ya kisu. Ni nyeusi inayong'aa kama lami ya moto, na inavuta uzi mrefu ukiinua kijiko; ukiipaka nene, chumvi itakushinda. Mchana inaingia kwenye maharagwe. Nakaanga kitunguu na nyanya, namimina maharagwe na maji yake, kisha nakoroga kijiko kimoja cha chai badala ya kube ya Maggi, na chumvi siongezi mpaka nionje. Sombe nayo inaipokea vizuri, hasa siku isiyo na samaki. Bukari haihitaji zaidi ya hapo.

Mwaka 2021 Marmite ilipungua madukani Afrika Kusini, kwa sababu serikali ilikuwa imepiga marufuku pombe mara kadhaa wakati wa korona, na bia isipotengenezwa, chachu haipatikani. Habari ile ilinifanya nitazame upande wa kiwanda chetu cha bia. Lubumbashi imetengeneza bia tangu miaka ya 1920, na bia za Simba na Tembo zinatoka hapa hapa. Kila pipa linaacha chachu chini. Wanafunzi wa kemia na kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) wakiichukua ndoo moja ya chachu hiyo, wakaiosha uchungu wa hopsi, wakaitia chumvi na kuishikilia kwenye nyuzi 50 hivi kwa saa nyingi, watakuwa wamefika mahali Burton ilipoanzia, na mimi nitakuwa mnunuzi wao wa kwanza.