MAJI MACHAFU NA SIASA YA KIJIJI: FUNZO LA NYANDA ZA JUU KUSINI

Viongozi wetu wa vijiji wakiulizwa historia ya maendeleo ya Mbeya na Iringa, watataja barabara, shule, zahanati na bomba. Ni nadra kumsikia mtu akitaja choo. Lakini nani anaondolewa uchafu wake, na nani anaachwa aishi nao, ni swali la siasa tangu mwanzo.

Mji wa Mbeya ulianzishwa na Waingereza mwaka 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa. Majina ya mitaa yake, Uzunguni na Uhindini, yanaeleza yenyewe jinsi mkoloni alivyoigawa ardhi na huduma. Vijijini alikuwako bwana afya na faini yake, basi.

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu, mita 400 kutoka nyumbani, ifikapo 1991. Iringa, Ruvuma na Mbeya zilitayarishiwa mipango ya maji ya mikoa kwa msaada wa Denmark. Uamuzi huo ulikuwa wa kimapinduzi, wala si haki kuubeza. Lakini kila ndoo inayoingia nyumbani hutoka tena. Maji safi yalipewa mpango, wataalamu na fedha. Maji machafu yakaachiwa kampeni.

Na kampeni yenyewe haikuwa ndogo! Mwaka 1973, Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, halafu kikatoka na majembe. Vilichimbwa vyoo mamia kwa maelfu, bila kungoja mkandarasi.

Ugumu ulikuja na Operesheni Vijiji. Kuanzia 1974 kaya zilizotawanyika milimani zilisogezwa pamoja. Kaya iliyo peke yake shambani yaweza kuchimba shimo popote. Kaya mia tatu zikipangwa kwa mstari, shimo la mmoja huwa juu ya kisima cha mwenzake. Na Rungwe, kwenye mvua nyingi, shimo huweza kujaa maji kabla ya kujaa kinyesi. Kipindupindu kilipoenea nchini mwaka 1977 na 1978, amri za vyoo zilikazwa.

Ndugu, hapa tuseme ukweli. Miaka michache iliyopita, nikiendesha semina ya viongozi wa matawi katika kijiji kimoja cha Iringa, nilioneshwa choo kizuri kilichofungwa kufuli. Mzee mwenye nyumba, mwanachama wa siku nyingi, akaniambia, “Hicho ni cha wakaguzi, mwanangu.” Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana nami nimeandika taarifa nyingi za kuhesabu vyoo.

Miji yetu miwili sasa ina mabwawa ya majitaka: Iringa kule Don Bosco, Mbeya kule Kalobe. Kazi yake si ya kiini macho. Tope hutuama chini, bakteria hula uchafu, mwani hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua, na vijidudu vya maradhi hufa kadiri maji yanavyokawia. Hakuna mashine ya kuagiza nje. Katika Shule ya Sekondari Ruaha, Iringa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifika hata udogo unaokifaa kijiji: kitanda cha changarawe kilichopandwa matete, maji yakapita taratibu kwenye mizizi.

Kinachokosekana basi si ufundi. Kitanda hicho kinahitaji ardhi ya bondeni, chini ya visima, na bondeni ndiko kwenye vinyungu na bustani za mboga, ambako mwenye uwezo hukodi kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi hiyo. Kijiji kile cha kufuli kilikuwa na ramani ya matumizi ya ardhi ukutani mwa ofisi. Niliisoma yote. Makaburi yalikuwemo, malisho, soko, hata uwanja wa mpira. Mahali pa maji machafu hapakuwemo.