Kutoka Karema hadi Mwamkulu: Kanisa na Shule katika Kumbukumbu za Katavi

Mwamkulu, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, imo katika Jimbo Katoliki la Mpanda, lililomegwa kutoka Jimbo la Sumbawanga mwaka 2000 na kukabidhiwa kwa Askofu Pascal William Kikoti. Hata hivyo, mizizi ya kanisa na shule katika nchi hii ni mikongwe kuliko jimbo lenyewe, na hata kuliko reli ya Kaliua iliyofika Mpanda mwaka 1950 kufuata madini ya risasi, kwa maana inaanzia Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, alianzisha Karema kituo chenye ngome. Mfalme alipoelekeza nguvu zake Kongo, ngome hiyo ilikabidhiwa mwaka 1885 kwa Wamisionari wa Afrika, shirika la Kardinali Charles Lavigerie, walioitwa Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao nyeupe. Kwa kuwa biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea kandokando ya ziwa, misheni iligeuka kimbilio, na watoto waliokombolewa, yaani walionunuliwa ili waachwe huru, wakawa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo, hata shule ikawa pia nyumba yao.

Maisha ya Adrian Atiman yanaonyesha hayo waziwazi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga wa kisasa huko Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista, yaani mlei anayefundisha dini. Alioa binti wa ukoo wa kitawala wa Wabende, mwanawe Joseph akapata upadre mwaka 1923, naye mwenyewe akabaki Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Upande wa wanawake, Askofu Adolphe Lechaptois aliasisi hapohapo, mwaka 1907, shirika la masista Waafrika wa Maria Malkia wa Afrika, ambao kazi zao zimehusisha kufundisha na kuuguza.

Kutoka vituo kama Karema, imani na elimu vilisambaa kwa njia ya vigango, yaani jumuiya ndogo zilizo chini ya parokia, ambako padre alifika mara chache na katekista ndiye aliyeongoza sala, akawafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na mara nyingi akawa wa kwanza kuwashikisha watoto kalamu. Serikali ilipozitwaa shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, umiliki ulibadilika, lakini kazi iliyokwisha kufanywa na walimu hao haikufutika.

Kwa hiyo historia ya parokia yoyote ya Katavi haikamiliki kwa orodha ya maaskofu na mapadre peke yake. Kitabu cha ubatizo, kinachoandika jina la mtoto, wazazi wake, msimamizi wake na tarehe, huhifadhi watu ambao pengine hawamo katika nyaraka nyingine yoyote, ila hakisemi nani aliwafundisha kusoma wala nani alifyatua matofali ya darasa. Hayo wanayajua wazee wa Mwamkulu na wa vijiji jirani, na wajibu wa kizazi cha sasa ni kuyaandika wazee hao wakiwa bado hai.