Ahirisho na Mlipaji Wake: Maombi ya Kuahirisha Mashauri ya Kuachishwa Kazi Tanzania

Mfanyakazi wa Tanzania Bara anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufikisha malalamiko yake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ndivyo inavyosema Kanuni ya 10 ya Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007. Akifika siku ya 31 hapokelewi mpaka aombe kuongezewa muda, na katika ombi hilo atatakiwa kueleza sababu za kuchelewa kwake. Mahakama ya Rufani imekuwa kali katika jambo hili. Katika shauri la Bushiri Hassan, Maombi ya Madai Na. 3 ya 2007, ilisema kwamba hata kuchelewa kwa siku moja lazima kutolewe maelezo. Katika shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, ikaweka vigezo ambavyo leo kila wakili anavijua kwa moyo: mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa, kipindi hicho kisiwe cha kupindukia, na aonyeshe bidii, si uzembe. Vigezo hivyo vilitungwa kwa ajili ya mashauri ya madai, lakini vinatumika kila siku katika migogoro ya kazi.

Sasa tuchukulie kwamba mfanyakazi huyo amewahi. Fomu Na. 1 ya kufungua malalamiko imepokelewa, usuluhishi umeshindikana, shauri limepangiwa mwamuzi na tarehe. Siku ya kusikilizwa, mwakilishi wa mwajiri anasimama na kusema kwamba shahidi wake amesafiri kikazi. Mara nyingi haulizwi shahidi huyo alijua lini kuhusu safari, ni nani aliyemtuma, wala kwa nini taarifa haikutolewa wiki iliyotangulia. Shauri linapigwa kalenda. Mwezi unapita.

Tofauti hii ya vipimo haina msingi wa kisheria wala wa haki. Ombi la kuahirisha ni ombi la muda, sawasawa na ombi la kuongezewa muda, na linastahili kupimwa kwa ukali uleule. Tena halitoshi kupimwa tu. Linapokubaliwa, amri iseme wazi ni nani atakayelipia muda uliotolewa, kwa sababu muda huo hulipiwa hata pale ambapo amri haisemi chochote. Katika migogoro ya kuachishwa kazi, ukimya wa amri maana yake ni kwamba analipa mfanyakazi.

Ugumu wa jambo hili unaanzia kwenye muundo wa shauri lenyewe. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba usitishaji wa ajira ulikuwa wa haki. Kwa hiyo ni mwajiri anayeanza kutoa ushahidi. Mpangilio huu uliwekwa ili kumlinda mfanyakazi, na unamlinda kweli, lakini una upande wa pili ambao hautajwi sana: mwajiri asipokuwa tayari, hakuna kinachoweza kuanza. Mlalamikaji anaweza kuwa amefika na vielelezo vyake vyote na shahidi wake yuko nje ya mlango, bado hana la kufanya isipokuwa kusubiri.

Tutoe mfano wa kubuni, ingawa wanaofanya kazi katika Tume watautambua. Mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha Dar es Salaam ameachishwa kazi kwa tuhuma za upotevu wa mali. Mshahara umekatika, kodi ya chumba imemshinda, amerudi kwao Ifakara. Kila tarehe ya shauri ni nauli ya basi kwenda na kurudi, usiku mmoja au miwili kwa ndugu, na vibarua alivyoviacha kijijini. Shahidi wake mkuu ni mpakiaji aliyekuwepo mzigo ulipotoka, na mpakiaji huyo bado ameajiriwa na kiwanda kilekile kinacholalamikiwa. Mara ya kwanza anaomba ruhusa kwa msimamizi wake na anapewa. Shauri linaahirishwa. Mara ya pili anaomba tena, msimamizi anamwangalia vibaya. Ukifika wakati wa ombi la tatu, mpakiaji anamwambia mwenzake kwa upole kwamba yeye ana watoto, naye hataki matatizo. Hakuna aliyemtisha. Maahirisho peke yake yamemwondoa shahidi.

Vielelezo navyo havisubiri. Leja ya stoo inahamishwa, daftari la getini la mwaka uliopita linawekwa mahali pasipojulikana, picha za kamera zinafutwa na picha mpya, afisa rasilimali watu aliyeandika muhtasari wa kikao cha nidhamu anaacha kazi. Kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri, mtu anaweza kudhani kwamba upotevu huu unamuumiza yeye zaidi. Katika baadhi ya mashauri ni kweli. Lakini mwajiri anakaa na nyaraka, anajua zipi za kutunza, na anaweza kumwita mtumishi wake kwa simu. Mlalamikaji hana hata ruhusa ya kupita getini.

Kuhusu kipato, mfuko wa hifadhi ya jamii una fao la kukosa ajira, takriban theluthi ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyetimiza masharti. Ni msaada wa kweli, lakini maahirisho machache yanatosha kuumaliza kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa.

Na mwajiri je, halipii muda? Hapa sheria yetu ina jambo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko kawaida. Kifungu cha 40 cha Sheria hiyohiyo ya Ajira, kama kilivyotungwa mwaka 2004, kilimpa mwamuzi njia tatu: kumrudisha mfanyakazi kazini, kumwajiri upya kwa masharti, au kuamuru fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Mfanyakazi akirudishwa, anarudishwa kuanzia siku aliyoachishwa, bila kupoteza ujira wa kipindi chote alichokuwa nje. Mwajiri akikataa kumpokea, anadaiwa fidia ya miezi 12 pamoja na ujira wote tangu siku ya kuachishwa hadi siku ya malipo ya mwisho. Katika njia hiyo kila ahirisho linaongeza deni la mwajiri, na mwajiri mwenye busara ataharakisha shauri. Fidia peke yake haina tabia hiyo. Miezi 12 ni miezi 12, shauri liishe kwa miezi mitatu au kwa miaka mitatu, na shilingi yenyewe inapungua thamani kila mwaka. Kwa hiyo chaguo la nafuu lina uhusiano wa moja kwa moja na mwenendo wa maahirisho: palipo na matarajio ya fidia tupu, upande wa mwajiri hauna sababu ya kifedha ya kuogopa kuchelewa. Tena shauri linavyochelewa ndivyo urejeshwaji kazini unavyozidi kuonekana hauwezekani, kwa sababu nafasi imejazwa na uhusiano umeharibika. Ucheleweshaji unamsukuma mwamuzi kwenye nafuu ileile inayoufanya ucheleweshaji kuwa rahisi.

Sheria imeweka muda karibu kila mahali. Usuluhishi una siku 30 chini ya kifungu cha 86, isipokuwa pande zikikubaliana kwa maandishi kuurefusha. Tuzo itolewe ndani ya siku 30 baada ya uamuzi kufungwa. Anayetaka mapitio ya tuzo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ana wiki sita. Katikati, pale mashahidi wanaposikilizwa, ndipo hakuna saa inayohesabu, na maahirisho yote yanakaa hapo.

Sidai kwamba maombi ya kuahirisha yakataliwe. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inalinda haki ya kusikilizwa, na haki hiyo haina maana kama mtu analazwa hospitalini huku shauri lake likiendelea. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililieleza vizuri mwaka 2002 katika shauri dhidi ya halmashauri ya Wandsworth: mhusika ambaye uwepo wake ni wa lazima kwa haki kutendeka, na aliyeshindwa kufika bila kosa lake, kwa kawaida apewe ahirisho hata kama linausumbua upande wa pili, ila baraza lina haki ya kujiridhisha kwamba sababu ni ya kweli. Mfanyakazi mwenyewe ndiye mara nyingine anayehitaji muda. Anafika bila wakili, au na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyepewa faili jana yake, halafu asubuhi hiyohiyo anakabidhiwa rundo la nyaraka ambazo hajawahi kuziona. Kumlazimisha aendelee ni kumnyima shauri lake. Kifungu cha 88 kinamwelekeza mwamuzi aendeshe shauri kwa haki na kwa haraka, na yote mawili yamewekwa pamoja kwa makusudi.

Kinachohitajika ni kuzichambua sababu. Cheti cha daktari kinachosema mtu apumzike kazini siku tatu hakijasema kwamba hawezi kuketi chumbani saa mbili na kujibu maswali. Daktari aulizwe hilo hasa. Safari ya shahidi ina tarehe ya kupangwa na mtu aliyeipanga, na kama aliyeipanga ni mwajiri aliyekwisha kupokea wito, hiyo si dharura. Mazungumzo ya suluhu nje ya Tume yanafaa kupewa nafasi, lakini nafasi fupi yenye tarehe.

Sababu inayonisumbua zaidi ni ya wakili aliye mahakama ya juu. Desturi ya taaluma ni kwamba shauri la chini linalipisha la juu. Tume iko chini ya ngazi zote, kwa hiyo inampisha kila mtu. Wakili mwenye mashauri mengi Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani anaweza, bila nia mbaya hata kidogo, kulifanya shauri la mtunza stoo lisogee mwaka mzima. Desturi hiyo ina maana kwa heshima ya mahakama, lakini haikutungwa kwa mtu asiye na mshahara. Sheria inaruhusu wakili au kiongozi wa chama. Wakili anayejua hatapatikana amtume mwenzake, na asipoweza asipokee shauri. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema, katika Umoja Garage dhidi ya National Bank of Commerce, kwamba kukosa umakini kwa wakili si sababu ya kuongezewa muda. Sioni kwa nini msongamano wa shajara yake uwe sababu nzuri ya kuahirisha.

Kuna jambo jingine linalotokea kabla ya Tume kabisa. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo Na. 42 la mwaka 2007, zinataka mfanyakazi apewe muda wa kutosha kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, kwa kawaida usiopungua saa 48. Waajiri wengi wanazishika saa hizo 48 kama kikomo cha juu, na ombi la mfanyakazi la kusogeza kikao ili mwakilishi wake apatikane linakataliwa kwa jibu la mstari mmoja. Kanuni hizo zinaruhusu kikao kiendelee bila yeye pale tu anapokataa kuhudhuria bila sababu ya msingi. Mwamuzi anapopokea ombi la mwajiri la kuahirisha, ni halali kabisa atazame jalada aone mwajiri huyo alilishughulikiaje ombi la mfanyakazi. Aliyeona saa 48 zinatosha kumtetea mtu na ajira yake anapaswa kueleza kwa kina kwa nini yeye anahitaji mwezi.

Nchi nyingine zimeandika mipaka. Afrika Kusini, ambayo sheria yake ya kazi iliathiri sana sheria zetu za mwaka 2004, iliweka katika Kanuni ya 23 ya Tume yake ya usuluhishi kwamba pande zikikubaliana kwa maandishi, na makubaliano yakafika angalau siku saba kabla, shauri linaahirishwa bila mtu kusafiri. Vinginevyo ombi rasmi liletwe. Uingereza mwaka 2016 iliingiza Kanuni ya 30A katika kanuni za mabaraza yake ya kazi: ombi linaloletwa chini ya siku saba kabla ya kusikilizwa, au la upande uliokwisha kupewa maahirisho mawili, linakubaliwa kwa sababu chache tu zilizotajwa. Siku saba zinafaa pia kwetu. Taarifa inayofika wiki moja kabla inamkuta mlalamikaji Ifakara, hajakata tiketi, na mpakiaji hajaomba ruhusa. Hilo peke yake lingeondoa sehemu kubwa ya maumivu, bila kumnyima mtu yeyote ahirisho.

Baada ya hapo inabaki gharama. Sheria inamkataza mwamuzi kuamuru gharama isipokuwa upande au mwakilishi ameendesha shauri bila uzito au kwa usumbufu. Katazo hilo ni jema, linamwezesha maskini kudai bila hofu. Lakini ombi la pili la kuahirisha lililoletwa asubuhi ya shauri, bila hati yoyote na bila taarifa, kwa shahidi aliyetumwa safari na mwombaji mwenyewe, linaingia katika usumbufu kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hilo. Mwamuzi anayeamuru nauli na malazi ya mlalamikaji na shahidi wake yalipwe kabla ya tarehe ijayo hajavunja sheria. Nawasihi waamuzi waiandike amri hiyo ndani ya mwenendo wa shauri, kwa kiasi na tarehe ya malipo, na Divisheni ya Kazi iithibitishe pale itakapoletwa kwa mapitio. Mamlaka ya kufanya hivyo wanapewa na Sheria ya mwaka 2004.