Nati ya Katikati Usiiguse Kwanza! Stori Ndefu Nyuma ya Springi ya Pickup Yako

Jumamosi asubuhi, Tabata. Jamaa kaegesha pickup yake uani, shokapu mbili mpya za mbele ziko bado kwenye maboksi, na simu kaiegemeza kwenye ndoo inaonyesha video ya fundi wa Marekani akiifanya kazi hiyo hiyo kwa dakika 9. Inaonekana nyepesi sana: toa shokapu iliyokufa, hamisha springi uivalishe ile mpya, rudisha mahali pake, umeokoa hela ya fundi. Jamaa anachukua spana, anaipeleka juu kabisa ya shokapu, kwenye nati ya katikati. Jirani yake, mzee aliyestaafu ufundi, yuko kibarazani anapiga mswaki. Anaropoka na povu mdomoni: "We kijana! Acha hiyo!"

Ile nati ndiyo stori yenyewe.

Mzee huyo kajifunzia kazi kwenye springi za majani, zile bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka kama chapati. Zimebeba mikokoteni ya farasi Ulaya, zikabeba malori, na mpaka leo ziko nyuma ya Hiace za daladala. Zina nguvu ya kuvunja mguu, hakuna anayebisha. Ila zina uungwana fulani: ukinyanyua bodi kwa jeki na ekseli ikaning'inia, springi inalegea huku unaiona kwa macho. Kilichoibana ni uzito wa gari, kwa hiyo ukiondoa uzito umemaliza sehemu kubwa ya ugomvi.

Springi ya koili, ile ya kuviringishwa, mwanzoni nayo ilikuwa hivyo hivyo kwenye magari mengi. Inakaa peke yake, shokapu inakaa pembeni yake. Kwenye Land Cruiser 70 zilizotoka baada ya 1999 bado utaikuta mbele kwa mtindo huo.

Mambo yalibadilika Marekani baada tu ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1945 Chevrolet walianza mradi wa gari dogo la bei nafuu lililoitwa Cadet, lengo liuzwe chini ya dola 1,000. Mhandisi aliyekabidhiwa mradi alitaka vipuri vichache na nafasi kubwa. Wazo lake: kwa nini springi ikae kwake na shokapu kwake? Zungusha springi kwenye shokapu, vifunge viwe kitu kimoja, na kitu hicho kimoja kishike gurudumu. Mwaka 1947 mabosi wakaufuta mradi, jamaa akahamia Ford. Cadet haikuuzwa hata moja, lakini wazo lilihama naye. Likatokea kwenye Ford Vedette ya Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1940, halafu kwenye Consul na Zephyr za Uingereza mwaka 1950. Jina lake unalo barabarani kila siku: ukisoma sifa za IST au Vitz ukakuta neno MacPherson, ndiye yeye.

Kwa mwenye kiwanda ilikuwa raha tupu. Chuma kidogo, kazi ndogo, nafasi ya injini ikaongezeka. Kwa mtu wa kufungua nyumbani, ukaingia mtego ambao haukuwepo kabla. Ili springi ikae kwenye shokapu, inabanwa kati ya visahani viwili, cha chini kimechomelewa kwenye shokapu, cha juu kimezuiwa na nati moja tu ya katikati. Ina maana hata ukiing'oa shokapu nzima ukailaza sakafuni, mbali kabisa na gari, springi bado inasukuma. Jeki haiipunguzii kitu. Imetulia kama paka aliyelala, na kinachoizuia ni uzi wa nati moja.

Pickup ziliingia kwenye mtindo huu taratibu. Hilux ya 4x4 ya 1979 ilikuwa na majani mbele na nyuma. Zikafuata za chuma kirefu kinachojisokota kwa mbele. Kizazi kilichozinduliwa Thailand mwaka 2004, hizi ambazo wengi mnaziita Vigo, ndicho kikaja na koili imezungushwa kwenye shokapu za mbele. Mikono yake ya kushika gurudumu ni tofauti na ya MacPherson, ila mtego wa nati ni ule ule. Nyuma wakaacha majani. Kwa hiyo gari la jamaa wa Tabata lina zama mbili: nyuma ni za mzee, mbele ni za yule mhandisi.

Sasa ni nguvu kiasi gani? Kanuni ilichapishwa Uingereza mwaka 1678: kadiri unavyoibana springi, ndivyo inavyosukuma, kwa uwiano ule ule. Chukua mfano wa springi ngumu ya pickup inayodai kilo 10 kwa kila milimita. Ikishabanwa milimita 100 inasukuma kilo 1,000. Nishati iliyolala ndani ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 kuangushwa kutoka mita 1, ila saruji inaanguka chini, na hii inaruka kuelekea kule ulikoinamisha uso.

Mzee akasuuza mdomo, akaja. Kwanza akamwonyesha nati 3 ndogo zilizoizunguka ile ya katikati. Hizo ndizo zinazoshika shokapu kwenye bodi, na hizo, pamoja na bolti ya chini, ndizo za kufungua wakati gari limekaa juu ya stendi. Sio jeki peke yake, wala sio matofali. Shokapu ikatoka nzima, springi ikiwa bado ndani. Jamaa akachora alama kwa chaki kuonyesha kikalio cha juu kimeelekea wapi, maana kikikaa vibaya zile nati 3 hazitaingia kwenye matundu yake.

Kisha kibano cha springi, vipande viwili. Mzee alikikagua uzi kwanza, ukiwa umelika ni bora kurudi dukani. Kimoja upande huu, kingine upande wa pili kabisa, kulabu zikishika koili nyingi iwezekanavyo. Anakaza mizunguko michache huku, michache kule, kwa mkono. Mashine ya upepo aliikataa katakata: inapasha uzi moto, na hukisikii kibano kikianza kuteleza. Shokapu imelazwa, ncha ikitazama ukuta, hakuna mtu aliyesimama mbele wala nyuma yake. Watoto waliokuja kushangaa walifukuzwa mpaka barabarani.

Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Nati ya katikati haifunguliwi mpaka springi icheze yenyewe, uweze kuizungusha kwa mkono ndani ya visahani vyake. Ikiwa bado imekakamaa, endelea kubana. Jamaa alitaka kujaribu mara mbili, mara mbili mzee akampiga kofi la mkono.

Ilipocheza, nati ikatoka kimya kimya, bila kishindo, kama kifuniko cha soda iliyokwisha gesi. Springi ikahamia kwenye shokapu mpya ikiwa bado imebanwa, ncha yake ya chini ikakaa kwenye kituo chake, raba mpya, kikalio kikafuata chaki, nati mpya ikakazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kibano kikalegezwa kidogo kidogo kwa zamu, kama kilivyokazwa.

Siku hizi madukani zipo shokapu zinazouzwa zikiwa zimefungwa na springi tayari kiwandani, na kibano hukigusi kabisa. Bei yake ni kubwa zaidi, na jamaa aliiona akaicheka. Upande wa kwanza ulimla masaa matatu. Kabla ya kugeukia wa pili alizima ile video, akamvutia mzee kiti.